Mtu wa Mlango wa Tatu

Domina alianza kulalamika kabla hajavaa viatu. Alianza na theluji iliyoanguka tangu jana. Akaja kwenye viatu vyenyewe, kwamba vimelowa. Akamaliza na mume wake Tito, ambaye hakuwemo chumbani.

“Saa kumi na moja alfajiri, mtu ameshatoka nje,” alisema peke yake. “Anafuata nini huko kwenye baridi?”

Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya kila siku katika nyumba yao ya Germantown, huko ughaibuni, Januari ya mwaka 2004. Domina alihudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee kule Rockville. Aliwaogesha, akawalisha, akawageuza kitandani. Tito alifanya kazi kwenye karakana ya milango kule Manassas, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa gari. Mtoto wao, Queen, alikuwa na miaka minane. Alielewa Kiswahili chote, hata kile ambacho hakupaswa kukisikia, ila akijibu alijibu kwa Kiingereza.

Kazi ilikuwa nyingi, hilo si uongo. Lakini Domina aliibeba hata akiwa amekaa. Kichwa kiligonga. Moyo ulikwenda mbio bila sababu. Usingizi haukuja. Daktari alimpima, akasema presha iko juu, akampa vidonge. Domina akameza vidonge na kuendelea kununa.

Mlango wa tatu kutoka kwao aliishi Bi Time, mjane kutoka Unguja. Nyumba ya Bi Time haikujua upweke. Leo wageni, kesho wageni, na anayepita tu naye huitwa aje aonje. Miaka miwili sasa, Bi Time alikuwa akimpokea Queen kwenye basi la shule, akimlisha na kukaa naye mpaka wazazi warudi.

Bi Time alikuwa na desturi moja. Simu ya nyumbani ikilia, haipokei mpaka ajue nani anapiga, maana wauzaji wa bima walikuwa wamemchosha. Aliiacha mashine ya kurekodi ijibu. Anayepiga akiacha ujumbe, sauti yake inasikika papo hapo, jikoni mpaka sebuleni. Domina aliijua desturi hiyo vizuri. Aliisahau siku moja tu.

Ilikuwa Jumamosi. Gari lake lilikuwa gereji, na Chelagat akampa lifti kutoka kazini. Chelagat alikuwa nesi kutoka Eldoret, msimamizi wake, mwanamke wa maneno machache. Magari yalijaa barabarani. Domina akampigia Bi Time, ikajibu mashine.

“Shikamoo Bi Time. Ni mimi, Mama Queen. Nitachelewa kidogo. Asante.”

Akaiweka simu mapajani. Ilikuwa simu ya kukunja, na hakuikunja.

“Yaani huyu bibi,” akaanza.

“Amefanya nini tena?” Chelagat aliuliza.

“Mtoto anarudi kila siku ananuka vitunguu. Kila siku mahamri, kila siku samaki wa mafuta, utadhani mimi sina jiko. Anajifanya mama mkwe wangu. Na Tito naye hivyo hivyo. Mwanaume amekaa nyumbani kama sofa, unampita unafuta vumbi.”

“Punguza, Domina. Umeongea hadi kioo kimeshika ukungu.”

“Acha niseme. Katika nchi hii sijawahi kusaidiwa na mtu. Hata mmoja. Sina mtu mimi.”

Alisema hivyo, na mengine zaidi, mpaka njia ikafunguka.

Alipofika kwa Bi Time alikuta viatu vingi mlangoni. Ndani wanawake wanane walikuwa wakifunga sambusa za harusi, mikono yote unga. Kwa kawaida nyumba ile ungeisikia kutoka barabarani. Siku hiyo ungesikia mafuta tu yakichemka. Tito, aliyewahi kutoka kazini, alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha chai. Hakumtazama mkewe.

“Shikamoo Bi Time,” Domina alisema.

“Marahaba. Mtoto wako huyu hapa,” Bi Time alijibu kwa upole. “Nimemwosha mikono kwa ndimu, asikunukie vitunguu.”

Domina akaitazama ile mashine juu ya kabati. Taa yake nyekundu ilikuwa inawakawaka. Dakika tatu nzima ilikuwa imesema, mpaka kanda ikakata. Na mikono yote ile ilikuwa na unga, hakuna aliyeweza kuizima. Au hakuna aliyetaka.

Njiani Queen aliuliza, kwa Kiingereza chake, kama ni kweli mama hana mtu. Domina akaharakisha mwendo. Tito alisema neno moja tu walipofika nyumbani.

“Sofa linakwenda kulala.”

Wanawake wanane wana midomo minane. Kufika Jumatatu, habari ilikuwa imefika Manassas kabla ya Tito. Domina aliona aibu ya kupita mlango wa tatu. Akaanza kuzunguka nyuma, penye mapipa ya taka. Hakumwacha Queen tena kwa Bi Time. Mtoto akawa anabaki shuleni mpaka saa kumi na mbili jioni, wa mwisho kuchukuliwa, amekaa na koti na begi mgongoni.

Domina alijaribu kurekebisha kwa njia ya mkato. Alinunua kikapu kikubwa cha matunda, kina utepe, akakipeleka.

“Ahsante mwanangu. Weka hapo,” Bi Time alisema. Hakumwambia aketi. Bi Time, ambaye hata mleta barua humwambia aketi.

Wiki hiyo Domina alishikwa na kizunguzungu kazini. Chelagat akamkalisha, akamfunga mkanda wa kupimia presha.

“Mia moja hamsini na nane kwa tisini na sita,” alisema. “Dawa unameza?”

“Nameza.”

“Unalala?”

“Nikifumba macho naiona ile taa nyekundu.”

Chelagat alivuta kiti. “Mimi nilikuwa kwa hiyo gari, na sikukunyamazisha. Hiyo ni makosa yangu. Sasa nisikize. Unajua mwili wako unafanya nini ukilalamika kutoka asubuhi hadi jioni? Unafikiri kuna hatari. Moyo unakimbia, misuli inakaza, usingizi unakataa. Hatari ikiwa ya kweli, hiyo inakusaidia. Lakini wewe umeuweka mwili mbio kila siku, hadi kwa sababu ya viatu.”

“Shida zangu ni za kweli, Chelagat.”

“Ni za kweli, sijakataa. Lakini si hizo peke yake ziko kwa maisha yako. Jicho lako limezoea kuona upande mmoja. Linaweza kuzoea huo mwingine, lakini kwa mazoezi. Chukua daftari. Kila siku, ukimaliza kula, andika mambo matatu ya kushukuru. Fanya kila siku, hata ukiwa na hasira. Haitaondoa kazi, na haichukui nafasi ya dawa. Lakini wengi wakiifanya, mzigo wa mawazo unapungua na wanalala vizuri.”

Domina alinunua daftari la shule. Siku tano baadaye alimpa Chelagat alisome. Chelagat akasoma: uhai, afya, familia. Siku ya pili: uhai, afya, familia. Siku ya tatu hivyo hivyo.

“Hii ni sala ya kufunga mkutano,” Chelagat alisema. “Nani alifanya nini? Lini? Kama hangefanya, wewe ungekuwa wapi? Andika hivyo. Na usipojua, uliza.”

Kuuliza ndiko kulikomuumiza. Kesho yake aliamka mapema, akachungulia dirishani kuona Tito anafuata nini nje. Tito alikuwa amesimama kwenye theluji, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake yeye Domina. Alikwangua kioo kimoja kimoja, mbele, nyuma, ubavuni. Kisha akawasha injini gari lipate joto. Miaka miwili Domina alikuwa akikuta kioo safi, na hakuwahi kujiuliza kwa nini magari ya wengine yana barafu.

Akaenda kumuuliza Queen. “Kwa Bi Time mlikuwa mnafanya nini?”

Queen akamweleza. Kumbe Bi Time huondoa miiba ya samaki kwa vidole, mmoja mmoja, kabla ya kumpa sahani. Kumbe siku ile Queen alipotapika shuleni, Bi Time alimfuata kwa miguu, barabara imejaa barafu, na goti lake lenyewe bovu. Kumbe Queen akilia kumtaka mama, Bi Time humwambia, “Mama yako anaosha wazee wa watu ili wewe upate viatu. Usimlilie, muombee.”

Domina aliandika hayo yote, na wino ukalowa. Shukrani haikuja kama raha. Ilikuja kama aibu, kubwa kuliko ile ya mashine. Ile ya mashine ilikuwa aibu ya kusikiwa. Hii ilikuwa aibu ya kujua alichokuwa amekipuuza.

“Sasa najisikia vibaya zaidi,” alimwambia Chelagat.

“Ni sawa. Umeanza kuona,” Chelagat alisema. “Lakini usikae hapo. Nenda umwambie mwenyewe. Shukrani ikibaki kwa daftari, inakusaidia wewe peke yako.”

Alianza na Tito. Alimpelekea chai nje, kwenye theluji, akamwambia alichokiona dirishani na alichokisema ndani ya gari, vyote viwili. Tito alikunywa chai mpaka nusu.

“Mkono wa kushoto ulikuwa unaganda,” alisema hatimaye. “Kesho niletee na glavu.”

Kwa Bi Time ilikuwa kazi nyingine. Domina angeweza kwenda siku ya kati ya wiki, wakiwa wawili. Lakini matusi yalisikiwa na nyumba nzima. Akasubiri Jumamosi. Akamshika Queen mkono, akapita njia ya mbele, hakuzunguka penye mapipa.

Viatu vilikuwa vingi mlangoni. Ndani kulikuwa na kicheko. Alipoingia kikakatika.

“Shikamoo Bi Time. Shikamooni nyote.”

“Marahaba,” Bi Time alisema, mwiko mkononi.

“Nilisema mbele ya watu. Nimekuja kusema tena mbele ya watu.”

“Sema basi. Mafuta yanaungua.”

Domina alitaja miiba ya samaki. Alitaja safari ya kwenye barafu na lile goti. Alitaja maneno aliyoambiwa mwanawe kila alipomlilia. Hakusema asante kwa yote. Alisema asante kwa kila moja.

“Nilisema sina mtu,” alimaliza. “Miaka miwili nilikuwa naye, mlango wa tatu. Nisamehe.”

Kisha mwanamke mmoja kwenye kona akauliza taratibu, “Na sofa je? Huyo humtaji?”

“Sofa nimeshamwambia nyumbani,” Domina alisema, uso chini. “Ameagiza glavu.”

Wakacheka, wengine mpaka wakajifuta machozi kwa viwiko. Bi Time hakucheka. Alizima jiko kwanza.

“Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu,” alisema. “Dole lingekuwa limeshapona. Mimi iliniuma, nisikufiche. Nimekaa jioni ngapi namtazama yule mtoto wa watu dirishani, analetwa saa moja, kajikunyata na begi lake.” Akaelekeza mwiko kwenye bomba la maji. “Haya. Nawa mikono, ukae pale. Na usizijaze sana, zitapasuka.”

Jumatatu Queen alishuka kwenye basi la shule, Bi Time akiwa pale pale pa zamani.

Tangu hapo daftari lilihamia mezani. Baada ya chakula kila mmoja alitaja jambo moja la siku hiyo, na jina la aliyelifanya. Queen alitaja kwa Kiingereza, na hakuna aliyemgombeza. Siku nyingine Domina alitaja huku amenuna. Siku nyingine alilalamika kwanza, tena kwa kirefu, kisha akataja. Kazi ilibaki ile ile, na theluji ikaanguka tena mara mbili. Lakini alianza kulala. Mwisho wa Machi Chelagat alimfunga mkanda akasoma mia moja thelathini na sita kwa themanini na nne.

“Dawa umeacha?”

“Sijaacha.”

“Usiache mpaka daktari aseme. Na daftari pia usiache.”

Kila jioni, akimchukua Queen, Domina alisimama mlangoni kwa Bi Time na kutaja moja la siku ile. Mara uji. Mara kifungo cha koti kilichoshonwa. Bi Time alikuwa akimfukuza. “Ushanichosha na shukrani zako. Nenda kapike.”

Jioni moja ya Aprili hakumfukuza.

“Ngoja,” alisema. “Leo zamu yangu. Jana uliinama hapa, umetoka kazini umechoka, ukanichua goti kwa mafuta. Sikukuomba. Goti likalala, nami nikalala.”

Domina akatazama chini. Uso ulipata moto, kama siku ile ya unga na mashine. Lakini safari hii hakutafuta njia ya nyuma. Alisimama pale pale mlangoni, hajui aiweke wapi mikono yake, mpaka Bi Time alipomvuta ndani aketi.