Futa Hizo Nembo

"Futa hizo nembo!"

Kidole cha Filipo nusura kitoboe picha. Mchumba wake, Rosalina, alikuwa kitini, kandili mezani kushoto kwake, madirisha yamefungwa mchana kweupe ili jua lisiingilie kazi.

"Ndugu Filipo," Eusebio mchoraji akajibu, "nembo ndizo zinazoushika uso huu. Taa nimeiweka chini ya uso, pembeni, kila chale ipate kivuli chake."

"Na rangi gani hizi? Kahawia, majivu, kahawia tena! Umechora mtu au umeunguza mboga? Tia nyekundu! Tia buluu! Washa karabai, mwanga umwagike! Na mimi unichore nyuma yake, kalamu mfukoni."

"Ukimwaga mwanga kote, uso unakuwa sahani."

"Sahani ndiyo naitaka! Nina wageni kutoka Dar es Salaam. Waone mke wa karani mkuu, si mshamba aliyevuka Ruvuma na chale usoni."

Mtwara ya miaka ile ilijaa watu wa namna hiyo, na tunawakumbuka mmoja mmoja. Mzungu alipofunga virago, walikirukia kiti chake kabla hakijapoa, wakaanza kuona haya kwa niaba yetu sote. Filipo alikuwa Mmakonde wa baba na mama. Lakini ukimsikia na Kiingereza chake kwenye simu pale ofisini bandarini, ungedhani amezaliwa ndani ya bahasha ya serikali.

"Siku ya posa ulisema umeupenda uso wangu," Rosalina akasema.

"Nilidhani poda ingetosha."

Kisha akamgeukia Eusebio. "Fundi, unafuta au nitafute mwingine?"

Eusebio akashusha pumzi. Akachovya brashi kwenye kahawia, akaipitisha juu ya shavu alilolichora mwenyewe. Nembo moja ikazama.

Rosalina aliisikia kwenye nyama. Akajiona binti, ng'ambo ya mto, bibi amemshika kichwa, wembe unapita, masizi yanasuguliwa kwenye damu. Siku ile hakulia. Sasa akasimama.

"Filipo, chama kina nembo?"

"Nini?"

"Nauliza. Gunia la korosho lina nembo? Barua za ofisini kwako zina nembo juu, unazishika kwa mikono miwili kama sakramenti. Kumbe nembo ya aibu ni yangu tu!"

"Usinifanyie mkutano wa hadhara, Rosa."

"Na mama yako? Mama Theresia ana nembo usoni na ndonya ya mti kwenye mdomo wa juu. Wakubwa wako walipokuja Pasaka, uliwaambia yule ni nani?"

Filipo akainamia viatu vyake.

"Sema, karani mkuu!"

"Walikuwa watu wazito..."

"Ulisema ni mpishi! Mama aliyekuzaa kakupakulia wali, ukamwambia, 'Asante, unaweza kwenda.' Kanisimulia mwenyewe, na bado anakutetea."

Akavua pete, akaitumbukiza kwenye kopo la rangi.

"Kaoe karabai. Inang'aa, na haina chale."

Filipo aliiopoa kwa vidole, akatoka na mkono wa kahawia hadi kifundoni, anatukana kwa Kiingereza ili asieleweke. Alieleweka.

Eusebio akakohoa.

"Rosa, mimi nimekupenda tangu siku ya kwanza ulipokaa hapo."

"Nyamaza! Nani alishika brashi?"

"Niliogopa."

"Nimeona. Unajua taa ikae wapi, wewe mwenyewe hujui usimame wapi."

Eusebio akachukua kitambaa, akakilowesha mafuta ya taa, akafuta taratibu. Rangi ya chini ilikuwa imekauka tangu juzi. Ya juu ikatoka, nembo ikarudi. Rosalina akagusa shavu lake mwenyewe.

"Usidhani hiyo ni posa," akasema. "Baba yuko kijijini Ziwani, anapalilia mihogo. Nenda kaseme kwa mdomo."

"Akinifukuza?"

"Utarudi kesho. Akikufukuza tena, keshokutwa. Mwoga mmoja nimemaliza naye sasa hivi, sitaki wa pili."

Eusebio alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.