Alivyojifunza Kushuka Foklifti

Chapuchapu alikuwa dereva wa foklifti, lile gari dogo lenye vyuma viwili mbele vya kunyanyulia mizigo. Alifanya kazi katika ghala la saruji na vigae. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kila kitu alikifanya mbiombio. Alikula haraka, aliongea haraka. Mkewe, fundi cherehani, alishona nguo za watu pale pale sebuleni.

Siku moja lori liliingia ghalani likapiga honi. Chapuchapu alisimamisha foklifti. Simu ilikuwa mkononi. Hakukanyaga kipandio, kile chuma cha kuwekea mguu. Aliipa mashine mgongo, akaruka kama kawaida yake. Chini palikuwa na kipande cha ubao. Mguu ulitua juu ya ubao, ukapinda. Alipiga ukelele, ghala zima likageuka.

Hospitali walimpiga picha. Mfupa wa kifundo cha mguu ulikuwa umevunjika. Alifungwa plasta, akarudi nyumbani kwa magongo.

Mkewe sasa alimsaidia kuoga na kuvaa, kisha akarudi kushona. Kazi za wateja zilichelewa. Wengine walichukua vitambaa vyao wakaondoka.

"Uliangukaje hasa?" mkewe alimwuliza.

"Sikuanguka. Nilishuka."

"Kushuka gani huko kunakovunja mfupa?"

Chapuchapu aliinama, akajifanya anatafuta gongo lake.

Jumamosi alikuja dereva mwenzake, mama wa makamo ambaye ghalani wote walimwita Shangazi. Alikuwa ameendesha foklifti kwa miaka mingi.

"Pole, mwanangu."

"Ahsante, Shangazi. Ni bahati mbaya tu."

"Bahati usiisingizie. Uliruka, nilikuona."

Mke alicheka, kisha akaziba mdomo.

Chumba cha watoto kilikuwa wazi. Shangazi aliingia, akashika ngazi ya kitanda chao cha ghorofa.

"Nitazameni. Unapanda ukiitazama mashine. Unashuka ukiitazama vile vile, kama mtu anayeshuka ngazi. Mikono miwili na mguu mmoja vimeshika. Au miguu miwili na mkono mmoja. Vitatu vishike, kimoja ndicho kisogee."

"Na simu?" mke aliuliza.

"Simu mfukoni. Mkono wenye simu haushiki kitu."

"Mimi hushika usukani," alisema Chapuchapu.

"Usukani unazunguka, utazunguka nao. Shika chuma cha kushikia. Na kabla ya kushuka, teremsha vyuma vya mbele mpaka sakafuni. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, zima injini. Kisha angalia chini utakapokanyaga."

"Lakini Shangazi, dereva wa lori anapiga honi!"

"Mwache apige. Honi haijawahi kumvunja mtu mguu."

Safari hii wote watatu walicheka.

Plasta ilitolewa. Mguu ulipopata nguvu, daktari alimruhusu kurudi kazini. Mpakiaji mmoja alimwona akishuka taratibu, uso kwenye mashine.

"Jamani, bwana harusi anashuka!" alipaza sauti.

Chapuchapu aliendelea kushuka hivyo hivyo kila siku.

Ikaja asubuhi ya mvua. Matope yalikuwa yameganda kwenye kipandio, naye hakuyaona. Alipoanza kushuka, buti liliteleza. Mwili ulikwenda chini ghafla, lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika chuma cha kushikia. Alining'inia kidogo, akarudisha mguu, akashuka.

Mpakiaji alikuja mbio.

"Umeumia?"

"Hapana. Nitafutie kitambaa."

Mpakiaji alileta kitambaa. Alikwangua kipandio kwa kijiti huku Chapuchapu akifuta matope, kisha wakafuta soli za buti pia. Hakutania tena.

Jioni Chapuchapu alimsimulia mkewe. Mkewe aliinama, akabonyeza kile kifundo kwa kidole.

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Haya, nawa mikono tule."