Siti ya Mnoa Visu

Kitu cha kwanza alichokiona mke wa mnoa visu kilikuwa vinywele. Alikuwa anafua suruali ya mumewe, kama afanyavyo kila Jumatatu, akakuta sehemu ya makalio ina doa la mafuta lenye umbo la siti ya baiskeli. Ndani ya doa kulikuwa na vinywele vifupi, vigumu, vya kahawia, vyote vimelalia upande mmoja. Akaanza kuving'oa kwa kucha. Kila kimoja kilitoka na kichembe cheupe, laini, kama shina la unywele linapotoka kwenye ngozi ya mtu.

Hakuwa mwanamke wa kuona kinyaa ovyo. Alikuwa mfuaji wa nguo za watu, na mfuaji huyajua ya watu ambayo hata madaktari wao hawayajui. Alishafua mashuka ya wagonjwa, nepi na aproni za jikoni, akaanika na kurudi kula bila wasiwasi. Lakini suruali ile aliishika kwa ncha za vidole viwili, akaitia kwenye beseni la peke yake na kuimwagia sabuni ya unga ambayo ingetosha mashuka sita. Doa halikutoka. Yalibadilika maji tu, yakafanya utando wa manjano, na ikapanda harufu ya mafuta ya nyama yaliyosahauliwa kwenye sufuria wiki nzima.

Mumewe alinoa visu kwa kuzunguka mitaani. Jiwe la kunolea lilifungwa kwenye fremu ya baiskeli, mbele ya siti. Akifika kwa mteja huisimamisha kwa stendi, gurudumu la nyuma likining'inia, huvuta mkanda kutoka gurudumuni hadi kwenye jiwe, kisha hukaa na kupiga pedeli. Basi siku nzima alikuwa juu ya baiskeli, njiani na kazini, na akishuka ni kwa ajili ya kula au kwenda haja.

Aliinunua ikiwa mtumba, kabla hajaoa. Fremu ilishachomelewa mara tatu, pedeli ya kushoto ilikuwa kipande cha mti, na kila kiraka cha tyubu alikuwa na habari yake. Kwenye keria yake ya nyuma ndiko mkewe alikobebwa siku ya harusi, miguu upande mmoja, gauni amelikunja mapajani lisiingie kwenye spoku. Kwenye keria hiyohiyo alimpeleka mama mkwe hospitali, amemfunga kiunoni kwake kwa shuka asianguke, na mama akapona. Mke naye aliipenda, tuseme ukweli. Majirani walimtania kwamba ana mke mwenza wa magurudumu mawili, naye hujibu kwamba bora huyu, maana hagusi chakula chake.

Siku hizi alikuwa anakigusa.

Mambo yalianza kwa uvivu mdogo. Siku moja oili ya cheni ilimwishia mnoa visu akiwa kwenye bucha, na mwenye bucha, mteja wake mkubwa, akamkatia donge la mafuta ya ng'ombe. Akapaka cheni, na kwa kuwa siti nayo ilikuwa imekauka na kupasuka, akaipaka pia. Siku hiyohiyo akavunja mwiko wa kazi yake. Wanoaji hawaweki kwenye jiwe kisu cha mchinjaji kabla hakijaoshwa, kwa sababu maji yanayodondoshewa jiwe kulipoza huchuruzika hadi kwenye cheni, na cheni haitakiwi kuonja damu. Yeye alikuwa na haraka. Aliweka kisu hivyohivyo, maji yakashuka mekundu, na aliposimamisha miguu yake gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe, kimya, kama limeona raha.

Mtu mwingine yeyote angeruka chini akakimbia. Huyu bwana alifurahi. Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe kwamba baiskeli imepata nguvu ya ujana, kwamba inamlipa fadhila kwa miaka yote aliyoitunza. Tangu siku hiyo alikuwa anarudi na kifuko cha mafuta kila jioni, na visu vya bucha vikawa havioshwi kabisa.

Baada ya wiki mbili akaiingiza ndani. Alisema umande utaila. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha kila kitu, na baiskeli ikasimamishwa katikati ya hicho cha kila kitu, kati ya meza ya kupigia pasi na kapu la nguo za wateja. Nzi wakaja. Mashuka meupe yaliyokunjwa vizuri yakaanza kunuka shombo, wateja wakanusa, wakanuna, mmoja akarudisha mashati matano akiuliza kama yamefuliwa machinjioni. Mke aliomba msamaha, akafua upya, na wakati anapiga pasi akasikia nyuma yake sauti ya kitu kinacholambwa. Akageuka. Hakukuwa na paka. Ilikuwa mchana kweupe, mlango wazi, watu wanapita barabarani wakicheka yao, na siti ya baiskeli ilikuwa imelowa.

Akaisogelea. Ngozi ya siti ilikuwa inatoka jasho, matone madogo yakichungulia kwenye vitundu vidogo kama vya pua, na kuizunguka pembeni manyoya yalikuwa yameota. Akajikaza, akaigusa kwa kidole kimoja. Ilikuwa ya moto. Ngozi ikatetemeka pale alipogusa, kama ng'ombe anavyotikisa ngozi kumfukuza nzi. Alikimbilia uani akanawa mkono mara nne, na mara ya nne akatapika kwenye beseni la nguo za rangi.

Jioni alimwambia mumewe aitoe. Hakupandisha sauti. Mumewe alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi, akasema hii imemlisha yeye na mkewe, imemwokoa mama mkwe, leo imezeeka ndio itupwe? Kisha akapanda juu ya baiskeli na kula chakula chake huko juu, akipiga pedeli taratibu, jiwe likizunguka bila kisu. Chakula chenyewe alionja tu. Mwanamke aliona jinsi alivyokonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, na moyo ukamuuma. Huyu ndiye mwanamume aliyemchagua, na alimtaka arudi. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Alhamisi aliwahi kurudi kutoka kupeleka nguo, saa saba mchana, akakuta mlango umerudishwa. Harufu ilimpokea kizingitini, nzito kiasi cha kuihisi kwenye ulimi. Mumewe alikuwa juu ya baiskeli, amevua suruali, anaipapasa siti mbele ya mapaja yake huku akiiongelesha kwa sauti ya chini, sauti ileile aliyokuwa akimwongelesha yeye miaka ya mwanzo wa ndoa, na mkononi ana ukanda wa mafuta mabichi ambao aliushusha polepole hadi kwenye mshono wa mbele, na mshono ukafunguka, ukawa na midomo, midomo minene yenye ute, ukaupokea ule ukanda na kuuvuta ndani kidogokidogo kama mtoto anavyovuta ziwa, na mume akatabasamu, na alipomwona mkewe akataka kushuka, lakini ngozi ya mapaja yake haikuachana na siti, ikavutika, ikavutika kama gundi, hadi mke akalazimika kuchemsha maji na kummwagia yaliyo vuguvugu huku akilia na kutema mate, na ilipoachia ilitoa sauti ya busu.

"Inauma?" mke akamuuliza.

"Wala," mume akanong'ona. "Wewe ndiye unaogopa."

Kesho yake mke alimleta mtaalamu. Alikuwa mama wa makamo, mkunga aliyestaafu, ambaye watu walimwita wakizidiwa na mambo ya namna hii. Alifika saa kumi na mkoba wa plastiki. Hakuwa na madoido yoyote. Alipoamkiwa aliitika marahaba, akaomba ndoo ya maji na sabuni ya kipande, akanawa hadi viwiko, kisha akasimama mbele ya baiskeli akiwa ameziba pua kwa kanga.

Akaeleza kwamba jini aliyeiingia baiskeli hakutumwa na mtu. Alikuwa anapita zake, akanusa damu kwenye cheni, akaonja. Angeweza kuondoka baada ya siku mbili, wengi huondoka.

"Sasa mbona amekaa?" mke akauliza.

"Mwanangu, kulishwa tu hakumweki jini. Huyu amekuta anapendwa."

Akamgeukia mume, aliyekuwa ameketi chini kando ya ukuta na kukumbatia magoti. Akamwambia kwamba dawa anayo mwenyewe mdomoni. Atasema neno moja, sikutaki, mara tatu. Mara mbili za mwanzo zinalegeza. Ya tatu ndiyo inayotoa mlangoni, na inamtoa yule ambaye macho ya msemaji yapo kwake. Kwa hiyo aitazame baiskeli, asipepese, asitazame kwingine.

"Na akishatoka harudi?" mume akauliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Anayetolewa hivyo hakanyagi tena kizingiti cha nyumba hiyo. Hata akitaka."

Mke alimshika mumewe mkono akamwinua. Mkono ulikuwa unateleza kwa mafuta, naye hakuuachia. Akamsogeza hadi mbele ya baiskeli, akasimama pembeni yake, bega kwa bega.

"Sikutaki," mume akasema.

Matairi yote mawili yakatoa upepo kwa pamoja, pumzi ndefu iliyooza, na kwenye viungo vya fremu pakaanza kuchuruzika mafuta ya manjano yenye michirizi ya damu, yakaanguka sakafuni matone mazito. Mkunga akasogea nyuma. Mke akajifunika mdomo.

"Sikutaki," akasema tena, na machozi yakamtoka.

Hapo siti ikapasuka mshono wote, midomo ikawa wazi hadi nyuma, ndani ikiwa myekundu na yenye vinundu kama ulimi wa ng'ombe, manyoya yakidondoka mafungu mafungu, na kutoka ndani kabisa ikatoka sauti ndogo, ya chini, ya ndama aliyetengwa na mamaye, ikamwita mnoa visu kwa jina lake la utotoni ambalo mkewe alilijua kwa kusimuliwa tu, ikamtajia msumari mmoja baada ya mwingine, kiraka kimoja baada ya kingine, mvua walizopita pamoja, milima aliyoishuka akiimba, na gurudumu la mbele likageuka taratibu, likamgusa goti, likajisugua pale.

"Usisikilize," mkunga akanong'ona. "Sema la tatu umalize."

Mume akavuta pumzi. Mke akamsogelea zaidi. Akamwambia polepole kwamba yupo hapa, kwamba karibu wanamaliza, na kesho atampikia, ale, alale, anenepe.

Mume akageuza shingo. Akamtazama mkewe usoni, vizuri, kwa macho yaliyokwisha kukauka.

"Nisamehe," akasema. "Sikutaki."

Miguu ya mwanamke iligeuka yenyewe. Ikampitisha kando ya meza yake ya pasi, kando ya mashuka aliyoyafua kwa mikono yake, ikamvusha kizingiti na kumshusha ngazi mbili za mlangoni hadi barabarani, akiwa peku. Alijaribu kurudi. Mguu ulifika juu ya ngazi ya kwanza ukagoma hewani kama umekuta ukuta. Akajaribu wa pili. Akajaribu kwa magoti.

Mkunga akatoka nyuma yake na mkoba wake. Akaenda kwenye bomba la nje, akanawa mikono kwa muda mrefu, bila kumtazama.

"Mama, nirudishe ndani," mwanamke akasema. "Nakuomba."

"Nimeitwa nimtoe asiyetakiwa," mkunga akajibu. "Ametoka."

Mlango ukafungwa kutoka ndani, na komeo likasukumwa. Kisha mwanamke akasikia mumewe akicheka kidogo, kama mtu anayetekenywa, na sauti ya kulambwa ikaanza.