Sharifa na Chupa ya Mabibo

Kila jioni akitoka shule, Sharifa aliingia bwawani pale kijijini kwao Ziwani na kushika kambale kwa mikono mitupu. Hakukuwa na mtoto wa kijijini aliyemfikia. Lakini wiki moja alikuwa na siri: alikuwa anakojoa damu. Mama akijua, bwawa litakuwa marufuku!

Siku moja ya wiki hiyo, mwaka 2007, darasa lao lilitembelewa na Raheli, mtafiti wa chuo kikuu. Alishika kipande cha plastiki kidogo kuliko kiberiti.

"Humu mna mifereji myembamba kama unywele," alisema. "Mkojo unapita, mayai ya kichocho, ugonjwa wa bwawani, yananasa. Haya, kila mtu na chupa yake, chooni!"

"Dada, Abdallah mpe ndoo!" Zuhura alidakia kutoka dawati la nyuma. Darasa zima likacheka.

Sharifa hakucheka. Nyuma ya choo kulikuwa na mikorosho. Aliokota bibo la njano, akalikamulia kwenye chupa, akaongeza maji. Rangi ikawa ya mkojo safi kabisa!

Raheli alidondosha matone ya chupa hiyo kwenye kipande. Yakagoma kupita. Akachukua kipande kingine, nacho kikaziba. Akanusa chupa, kisha akamwita Sharifa nje.

"Mdogo wangu, mkojo wako unanukia mabibo."

"Nimekula mengi, dada."

"Mpaka nyuzi zake ukazikojoa?"

Sharifa akatazama chini.

"Vipande hivi tunavitengeneza wenyewe maabara," Raheli alisema. "Kimebaki hiki tu. Nacho kikiziba, nitaondoka bila kujua kama unaumwa."

Machozi yakamtoka Sharifa. "Nakojoa damu, dada. Usimwambie mama, atanikataza bwawa."

"Tutamwambia pamoja. Kwanza nenda kalete mkojo wako mwenyewe."

Safari hii matone yalipita. Raheli akaweka kipande kwenye hadubini, akamwachia Sharifa achungulie.

"Mh! Mayai yana mwiba mkiani!"

"Ndiyo hayo yanayokuchana. Vidonge vipo zahanati, utapona."

Jioni Raheli alimsindikiza Sharifa nyumbani, na mama akasikia yote. Alishika kiuno.

"Mwanangu, unamficha mama damu kwa sababu ya kambale?"

"Nisamehe, mama. Bwawani ndiyo basi tena?"

"Majini huingii. Baba yako atakupa ndoana, uvue ukiwa juu, pakavu."

Sharifa akatabasamu. Raheli naye akacheka.

"Kifaa changu kinanasa yai usiloliona kwa macho," alisema, "lakini ukikidanganya hakikusaidii kitu. Ukiumwa, sema mapema, na sema kweli. Wa kwanza kufaidika ni wewe."