Nilimwambia Mama Mkwe Jiko Limepoa

Nina miaka arobaini na mbili, mke wa fundi seremala na mama wa binti mmoja, Neema, aliye shule ya bweni. Tunaishi Butimba, hapa Mwanza. Haya ninayowaandikia sijawahi kumsimulia hata dada yangu wa tumbo moja...

Miaka miwili iliyopita mume wangu alimleta mama yake kutoka Nansio, kule kisiwani, aje kukaa nasi. Macho yalikuwa yameingia ukungu, anaona vivuli tu, na ugonjwa wa sukari ulikuwa unamsumbua. Lakini mikono yake, jamani! Alifuma vitambaa vya makochi kwa kupapasa uzi tu, na kosa huoni.

Moshi wa mkaa ulimkohoza sana. Mume wangu akasema sasa tununue jiko la umeme, akaniagiza jambo moja tu. "Chukua lile la koili, lenye swichi za kuzungusha. Koili zimenyanyuka, mama hawezi kulidhania meza."

Nilikwenda dukani mjini. La koili nililiona... zito, halina mvuto, kama la kantini. Pembeni yake kulikuwa na jiko la kioo, jeusi, bapa, linang'aa, unagusa kwa kidole linawaka. Jirani yangu alikuwa nalo! Muuzaji akaniuliza kama nyumbani kuna mtoto au mzee, kwa sababu ukilizima hilo, kioo kinabaki cha moto muda mrefu na kwa macho hujui. Nikamjibu kwamba napika mwenyewe.

Kwa nini sikumsikiliza? Nilitaka wageni wakiingia jikoni kwangu washangae!

Mume wangu alipoliona hakugomba. Alisema tu niwe makini na mama.

Wiki ya tatu, Jumamosi mchana, nilichemsha maharage. Nikazima, nikaipua sufuria, nikakaa palepale jikoni na simu yangu. Kwenye kundi letu la wanawake walikuwa wanatumiana picha za sare za harusi. Mama akaingia akishika ukuta, mkono mwingine una bakuli la karanga alizomenya.

"Mwanangu, hapa pamepoa nitue bakuli?"

Sikuinua hata uso. "Pamepoa, mama. Weka tu."

Akatanguliza kiganja apapase pa kuweka, akauegemea mkono mzima, maana miguu yake haikuwa na nguvu... Ule ukelele!

Mume wangu alikuja mbio kutoka kwenye karakana yake uani, akauliza kumetokea nini. Mama alikuwa amekaa sakafuni, nimemtumbukiza mkono kwenye beseni la maji, karanga zimetapakaa kila mahali. Nikafungua mdomo nikasema, "Amewasha mwenyewe. Mimi nilikuwa chumbani nakunja nguo."

Mama alisikia. Aligeuza uso upande wangu, kisha akamwambia mwanawe, "Ni mimi, baba. Uzee huu."

Wapendwa wasomaji, mngekuwa mimi mngefanya nini? Ukweli ulikuwa hapo kooni, nikaumeza.

Kwa sababu ya sukari kidonda kiligoma kupona. Nilimwosha, nikamlisha, kila siku nikijiambia kesho nitasema... Mwishowe madaktari wakamkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Mimi nimesimama kwenye korido na chupa ya uji, sina msaada wowote.

Alipopata nafuu akaomba arudi Nansio kwa binti yake. Bandarini, mume wangu alipokwenda kukata tiketi, nilimpigia mama magoti mbele za watu. Akaniinua kwa mkono wa kushoto. "Nilikusamehe siku ileile. Ila mume wako usimwambie, mtabomoa nyumba yenu."

Nikanyamaza zaidi ya mwaka mzima! Mpaka mwezi uliopita, mume wangu alipotoka kumsalimia, akanisimulia kwamba mama anajaribu kufuma kwa mkono wa kushoto, uzi unamshinda, na kila jioni anafumua alichofuma. Nikashindwa kula. Nikamwambia yote, mezani palepale, nikilia.

Akarudisha tonge kwenye sahani.

"Nilijua," akasema. "Mama yangu anaogopa hata swichi ya taa. Angewashaje jiko? Nilikuwa nasubiri useme wewe mwenyewe. Nimesubiri mpaka nimechoka."

Hakunipiga, hakunitukana. Alinawa, akahamishia nguo zake chumba cha Neema, na yuko huko mpaka leo. Tunasalimiana, tunakula pamoja, Jumapili tunakwenda kanisani pamoja. Nikimwuliza kama atanisamehe ananijibu, "Sijui, mama Neema." Nimelia, nimefunga, nimeomba... Sina lingine ninaloweza kufanya!

Dada zangu, kaka zangu, ukienda kuchagua jiko usichague la kupendeza macho ya jirani. Mfikirie aliye dhaifu kuliko wote nyumbani kwako. Na ukikosea, nawasihi, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka! Mimi nilichelewa. Sasa kila jioni nakaa mezani na mwanamume mpole, nikisubiri neno ambalo huenda hatalisema kamwe.