Mkwe Asiyemtazama Mama

Zipporah alikutana na Eddie sokoni Woolwich, huko ughaibuni, sare ya unesi ikichungulia chini ya koti lake jekundu. Mwanamume huyo mrefu, nywele amesuka mkia mmoja mgongoni, alikuwa akimenya ndizi mbichi ya kupika ili aile.

"Hiyo itakuumiza tumbo."

"Basi utanitibu wewe."

Yakaanzia hapo. Eddie alikuwa Mwojibwe, mmoja wa wenyeji asilia wa Kanada, fundi wa lifti, na kwa miezi minane alimpenda Zipporah waziwazi, bila haya wala kujificha.

Halafu akaletwa nyumbani, akavuruga kila kitu. Mama yake Zipporah, Marcelina, mgeni kutoka Bungoma, alivaa kitenge kipya akamnyooshea mkono. Eddie akainamisha uso, hakusema neno, akahamia jikoni. Huko akamwambia Marion, mdogo wake Zipporah, kwamba wigi lake ni paka aliyenyeshewa.

"Amenidharau," Mama akasema Eddie alipotoka. "Huyo simtaki."

Zipporah akampigia simu palepale sebuleni, spika wazi, Mama asikie.

"Mama hukumsalimu, mdogo wangu ukamtukana. Omba msamaha au tuachane."

"Siombi," Eddie akajibu. "Kwetu mama mkwe ni ninzigozis. Bibi yangu alinilea hivyo: humkodolei macho, humpigii soga, unampisha. Shemeji wa kike ni niinim, na huyo usipomtania atadhani humpendi. Nimekosa wapi?"

Zipporah akashusha pumzi. "Mama mkwe? Shemeji? Kumbe ulishanioa kichwani na mimi sijaulizwa?"

"Miezi sita sasa."

"Una kiburi, wewe."

"Ninacho, mpenzi."

Mama akajikohoza. "Hata baba yenu hakuwahi kula meza moja na mama yangu. Lakini huyu hajaleta hata mzee mmoja. Ukwe ameupata wapi?"

"Kwangu," Zipporah akasema. "Na ukikataa, Mama, bado nitaolewa naye. Eddie, niulize sasa hivi."

"Mama yako anasikia. Siwezi."

"Basi nakuuliza mimi. Unanioa au hunioi?"

"Nakuoa. Niko hapa chini ya ngazi, sijaondoka."

Zipporah akamgeukia mama yake, kidevu juu, tayari kwa vita. Mama akainuka, akakusanya kitenge chake, akaingia chumbani na kufunga mlango, ili mkwe wake apate kupita.