Mwanamke wa Kamba ya Nguo

Jumanne, saa tisa alasiri.

Darrell Kinch alisukuma kando sahani ya skonzi, akachora ramani kwa kidole kwenye vumbi la meza.

"Mlango wa mbele. Ukumbi. Korido. Stoo, hapa tulipo. Haya, semeni. Fupi."

Walikuwa watatu katika stoo ya jumba la sanaa la Warrabin, mji wa ngano huko Australia ambao jogoo akiwika upande mmoja, upande wa pili wanaamka. Darrell alikuwa mwizi wa vitu vya kale kutoka pwani, mtu wa maneno machache na viatu vya gharama. Lindsay Mott alikuwa fundi fremu wa mji, mpole, mwenye mkono usiotetemeka. Na Glenys Pockley ndiye mshika funguo. Miaka kumi na tisa ameliendesha jumba hilo: anafagia, anatundika, anasuluhisha ugomvi wa wachoraji. Mzee Alf Brierley peke yake ni kazi ya kutwa, maana kila mwaka anadai picha yake ya trekta imetundikwa karibu mno na choo.

"Jumapili saa kumi maonyesho ya mwaka yanafungwa," Glenys alisema. "Kila aliyenunua anakuja na blanketi kuchukua picha yake. Ukumbi unakuwa gulio. Picha yenye kibandiko chekundu imeuzwa, haikaguliwi. Akina mama wa kujitolea wanakufungia, wanakupa chai, wanakubebea mpaka garini."

Darrell alicheka. "Yaani wenyewe ndio wanatubebea mzigo?"

"Usikatae chai tu. Ukikataa watakukumbuka mpaka kiama."

Mzigo wenyewe ulikuwa koridoni. Picha si kubwa, upana wa dirisha la bafu. Mwanamke anaanika mashuka kwenye upepo, vibanio vya nguo mdomoni. Aliichora Agnes Tolhurst, mwenyeji wa hapo, na tangu afe wenye pesa wa Sydney walikuwa wakigombania kazi zake. Mwanamke yule alikuwa Ivy, mama yake Glenys. Nyumba yao iliungua mwaka wa moto mkubwa, picha zote za familia zikaenda. Sura ya Ivy ilibaki ukutani pale tu, duniani kote pale tu. Na halmashauri ilikuwa imeamua kuiuza, ipate paa jipya la bwawa la kuogelea.

Glenys aliandika barua tatu. Walimjibu kwa kadi ya shukrani.

"Mgao?" Darrell aliuliza.

"Kwenye droo yangu kuna michoro sita ya wino ya Agnes, haimo kwenye orodha yoyote," Glenys alisema. "Hiyo yenu nyinyi wawili. Mama ni wangu."

Lindsay aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Glenys. "Mama ni wako, Glen. Nakuapia."

Glenys alimwamini. Nani asingemwamini? Mumewe Glenys alipofariki, Lindsay alikuja kila Alhamisi na mkate wa nyama, wakala wawili wao kimya kwenye ngazi ya nyuma. Mtu aliyekaa na wewe msibani humpekui mifuko.

Jumapili, saa tisa na nusu. Imebaki nusu saa.

Ukumbi ulishajaa. Harufu ya chai, jemu na manyoya ya blanketi. Una Whitlock, miaka sabini na tisa, mkuu wa akina mama wa kujitolea, alisimama mlangoni na kamba za kufungia picha shingoni.

"Alf! Trekta lako halijanunuliwa, usijifanye huoni! Lichukue!"

"Lingenunuliwa kama lisingekuwa chooni!"

Watu wakaangua kicheko. Glenys naye alicheka, huku jasho likimteremka mgongoni.

Darrell aliingia na kofia ya mkulima. Alikuwa amenunua picha ya wari, wale ndege wa mdomo wenye mfuko, juu ya bwawa, kubwa kama mlango. Kibandiko chekundu kiling'aa kando yake.

"Naomba ufunguo wa gari lako," Lindsay alimnong'oneza Glenys. "Blanketi zimepungua. Kwenye buti lako zipo."

Akampa bila kufikiri.

Saa kumi kasoro dakika kumi.

Glenys aliishusha picha ya mama yake. "Naipangusa vumbi," alimwambia Una, na Una hata hakugeuka.

Stooni, Lindsay alifanya kazi yake. Koleo, misumari midogo kumi na minne, moja moja, bila mlio. Turubai ikatoka. Nakala aliyoiandaa mapema ikaingia. Ile halisi alitakiwa aifiche mgongoni mwa picha ya wari, nyuma ya ubao.

"Toka ukavute macho yao," alisema. "Nipe dakika tatu peke yangu."

Glenys alimgusa mama yake shavuni kwa ncha ya kidole. Kisha akatoka na ile nakala, akaitundika koridoni.

Saa kumi na dakika tano.

Darrell alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho. Una na wenzake wawili wakawabeba wari, wakawasukumiza ndani ya gari, wakampungia mkono. Gari likaondoka. Glenys alipumua. Kimepita.

"Samahanini jamani."

Sauti ya Lindsay, kutoka koridoni. Ya upole, kama kawaida yake.

"Mwiteni konstebo Yeatman. Hii si kazi ya Agnes. Hii ni nakala."

Glenys alimtazama Lindsay. Lindsay alitazama sakafu.

"Sipendi kusema," aliendelea, "lakini aliyeishusha ni mmoja. Na nilipofuata blanketi kwenye gari lake nimeona bahasha. Nikadhani ni mambo yake."

Konstebo alikuwa hapo hapo, na skonzi mkononi. Alifungua buti. Bahasha ilichungulia chini ya gurudumu la akiba, na ndani yake michoro sita ya wino, ile ile Glenys aliyoiacha kwenye droo.

"Dada Glenys," alisema taratibu, "na ile halisi iko wapi?"

Angenyamaza, Darrell angeondoka na mama yake. Angesema, mama angekwenda Sydney. Walau huko angetundikwa ukutani, watu wangemwona.

"Kwenye wari," alisema. "Nyuma ya ubao. Msimamisheni."

Saa kumi na dakika ishirini na tano.

Simu ya konstebo ililia. Alisikiliza, akakunja uso. Mwenzake alikuwa amemsimamisha Darrell penye kituo cha mafuta na kung'oa ubao wote. Hakuna kitu. Kadibodi tupu. Darrell alikuwa ameduwaa, akacheka kicheko kikavu, akaomba aruhusiwe kwenda zake. Mwizi aliyeibiwa hana pa kushtaki.

"Umemsingizia mgeni wa watu," konstebo alisema. Sauti yake ilikuwa imepoa. "Kwa sababu gani?"

Glenys alikuwa anatazama mlangoni.

Kila mwaka Lindsay hutundika mandhari moja aliyoichora mwenyewe, mikaratusi na mawe. Kila mwaka hainunuliwi. Huibeba kwa mkono mmoja na kuitupia garini kama gunia la viazi. Sasa ilikuwa imefungwa blanketi mbili, na Una ndiye aliyembebea, kwa sababu Lindsay alikuwa amepata mshtuko, maskini.

"Taratibu, mama," Lindsay alikuwa akisema. "Taratibu na kona hiyo."

"Tangu lini unajali kona za mikaratusi yako?" Una alimtania.

"Una!" Glenys alipiga kelele. "Ifungue! Iko humo! Mama yangu yumo humo!"

Watu wote waligeuka. Hakuna aliyesogea. Konstebo alimshika kiwiko.

Una aliikalisha picha kwenye kiti cha nyuma, akaifunga mkanda kama mtoto. Kisha akarudi mpaka alipokuwa Glenys, akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Miaka kumi na tisa nimekupikia skonzi," alisema. "Kwanza umetuibia. Ukamsingizia mgeni. Sasa unataka kumchafua hata Lindsay, mtu aliyelia nawe msibani? Huna haya?"

"Una, nisikilize..."

"Nyamaza, mwizi."

Lindsay alipiga honi mara mbili, kama anavyoaga kila Jumapili. Akina mama wote wakampungia mkono.